Afya ya akili kwenye timu za programu zinazofanya kazi kwa mbali: anza na kalenda

Kiongozi wa timu akiona watu wake wamechoka, wazo la kwanza huwa ni kumwalika mtu aje awape somo la msongo wa mawazo. Mimi huomba kwanza nioneshwe kalenda. Watengenezaji wengi wa programu walioko Mbeya na Iringa wana wateja Ulaya au Marekani, na chanzo cha uchovu wao mara nyingi kiko humo kwenye kalenda.

Chukua timu yenye mteja San Francisco. Kikao cha saa 3 asubuhi ya kule ni saa 1 usiku huku, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Wenzetu wakirudisha saa nyuma, kinasogea hadi saa 2 usiku. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo muda wa kula na familia unapotea bila mtu yeyote kuamua upotee. Kikao kinaisha saa 3, yanafuata maswali na marekebisho, laptopu inafungwa saa 4. Kesho yake saa 2 asubuhi mtu huyohuyo anatakiwa awe mtandaoni kwa sababu msimamizi wake wa Dar es Salaam ameshaanza kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku na saa 24 kila wiki, na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Wengi wamesaini kama wakandarasi huru, kwa hiyo ulinzi huo hauwafikii. Bado naitumia kama kipimo: laptopu ikifungwa saa 4 usiku, kazi isianze kabla ya saa 4 asubuhi. Hilo liandikwe kwenye mkataba, pamoja na likizo ya siku 28 ambayo mwajiriwa hupewa kisheria. Likibaki kwenye mazungumzo tu, mteja mpya atalifuta kwa ujumbe mmoja.

Zamu ya kuitwa usiku mfumo unapoanguka ndiyo inayoumiza zaidi. Timu ya watu wawili haiwezi kuibeba. Wanahitajika angalau wanne ili kila mmoja ashike wiki moja kati ya nne. Aliyeamshwa saa 8 usiku hadaiwi asubuhi yake. Halafu kila Jumatatu pitieni tahadhari zote ambazo mfumo ulizituma kwenye simu wiki iliyopita. Ambayo haikuhitaji mtu afanye kitu chochote, izimwe au isubiri kukuche. Watu hulichukulia jambo hili kama usafi wa mfumo tu, lakini ni usingizi wa mtu. Anayelala akisikilizia simu hapumziki hata isipolia.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna mzigo mwingine: umeme kukatika msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mtu anaanza kuogopa saa moja kabla ya kikao, akihofia kuonekana mzembe. Ruta nyingi, yaani vifaa vinavyosambaza intaneti nyumbani, hutumia wati 5 hadi 12. Betri ya volti 12 yenye ujazo wa Ah 7 (ampea-saa 7), ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inaendesha ruta ya wati 10 kwa takribani saa nne, mradi ruta yenyewe iwe ya volti 12. Kampuni inunue. Na pawe na makubaliano kwamba ujumbe mmoja, «umeme umekatika», unatosha. Mtu asidaiwe picha wala maelezo.

Kila wiki kiongozi azungumze na kila mtu peke yake kwa dakika 30, mbali na habari za tiketi, yaani kazi alizopangiwa kwenye mfumo. «Habari za kazi» itajibiwa «nzuri» hata na mtu aliyezama, maana ndivyo tulivyolelewa kujibu. Uliza kitu chenye jibu la kweli: wiki hii umekuwa ukilala saa ngapi? Kazi gani umekuwa ukiikwepa? Nani nyumbani analalamika kuhusu saa zako? Hili la mwisho hufungua mengi, kwa sababu anayefanya kazi chumbani huhesabiwa kuwa yupo tu, na ndiye anayetumwa sokoni na kupokea wageni.

Usipime watu kwa kamera kuwashwa. Linganisha mtu na kawaida yake mwenyewe: aliyekuwa akitoa maoni marefu kwenye msimbo (code) wa wenzake sasa anaandika «sawa» tu, au anatuma msimbo saa 9 usiku siku tatu mfululizo.

Shirika la Afya Duniani linauhesabu uchovu wa kazi kuwa tatizo la kikazi, si ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, mtu aende hospitali ya rufaa aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpigie ndugu aliye karibu naye na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kiongozi asigawe madodoso ya sonona kazini: hawezi kuyatibu majibu, na wafanyakazi watadanganya ili kulinda mkataba.

Anayerudi baada ya kuugua apewe wiki mbili bila zamu ya usiku, kazi ndogo zinazokamilika ndani ya siku moja, na mtu mmoja tu wa kumpa maelekezo. Wengine wanaohitaji kitu kwake wapitie kwa huyo.