Kwa nini selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ni ugonjwa adimu Marekani, ilhali Tanzania ni ugonjwa wa kawaida?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba ugonjwa huitwa adimu kwa sababu wanaougua ni wachache duniani. Nilikosea, na kosa hilo lilinizuia kuelewa bei za dawa, kwa maana uadimu unaotambuliwa na soko la dawa ni hesabu ya kisheria inayofanywa ndani ya mipaka ya nchi au eneo fulani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 kuhusu dawa yatima, yaani dawa ambazo hakuna kampuni iliyokuwa tayari kuzilea, inauhesabu ugonjwa kuwa adimu endapo wagonjwa wake nchini humo hawafiki 200,000. Umoja wa Ulaya una kipimo chake: wagonjwa wasiozidi 5 katika kila watu 10,000.

Marekani ina wagonjwa wa selimundu wapatao 100,000, kwa hiyo kisheria ugonjwa huo ni adimu huko. Tanzania, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hayo ni makadirio tu, kwa sababu upimaji wa watoto wachanga haujaenea. Hata hivyo, ni hakika kwamba wengi wa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) yenye kasoro ni ile ile na maumivu ni yale yale, lakini ugonjwa ukishavuka bahari hubadilika hadhi.

Hadhi hiyo ina thamani kubwa. Nchini Marekani kampuni hupata nafuu ya kodi, na kwa miaka 7 dawa yake hulindwa dhidi ya dawa iliyo sawa nayo kwa ugonjwa huo, hata kama hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, imekwisha muda.

Bei nayo hupandaje? Chukua mfano wa mashua ya kukodi kutoka Dar es Salaam kwenda kisiwa cha Mbudya. Mafuta na ujira wa nahodha havipungui kwa kuwa abiria ni wachache. Wakiwa 20 kila mmoja hutoa kidogo, wakiwa 2 hubeba gharama yote wao wenyewe. Majaribio ya kitabibu na kiwanda ndiyo mafuta ya safari hii. Lakini sasa tuseme nahodha huyo amepewa kibali cha kuvusha watu peke yake kwa miaka 7, na nauli inalipwa na bima ya abiria. Hapo nauli haifuati tena mafuta pekee, bali pia kiasi ambacho mlipaji atakubali kukitoa kabla ya kumwacha abiria ufukweni. Ni sehemu gani ya bei inayotokana na gharama, na ipi inatokana na kibali, ni vigumu kutenganisha, kwa kuwa kampuni nyingi hazitangazi gharama halisi za utafiti na makadirio ya watafiti yanatofautiana sana.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa selimundu, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Seli shina za mgonjwa mwenyewe, yaani seli zinazozalisha seli za damu, hutolewa, jeni moja huhaririwa maabara, uloto wa zamani ulio ndani ya mifupa huondolewa kwa dawa kali, kisha seli hizo hurudishwa zianze kutengeneza himoglobini ya aina aliyokuwa nayo alipokuwa tumboni. Hapa mfano wa mashua unabadilika: kila abiria huundiwa mashua yake mwenyewe, ambayo haiwezi kumbeba mwingine.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba haidroksiyurea, kidonge cha zamani kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu, nacho huongeza himoglobini hiyo hiyo ya tumboni. Hakiponyi, na humezwa kila siku kwa miaka mingi, lakini hataza yake ilikwisha zamani na viwanda vingi hukitengeneza. Kilipojaribiwa kwa watoto wapatao 600 katika nchi za Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, vipindi vya maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo vilipungua, na malaria pia ilipungua.