Dawa Imeahirishwa Wiki Moja: Nini Kinaendelea Mwilini?

Mgonjwa amefika asubuhi na mapema, ametolewa damu, na mkobani ana blanketi jepesi kwa sababu anajua dripu ya mzunguko wa tatu wa tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani, huchukua saa kadhaa. Majibu yanatoka, daktari anamwambia: "Leo hatutoi dawa. Chembe nyeupe ziko chini. Urudi wiki ijayo."

Sisi tunaotibu saratani tunaona namna maneno hayo yanavyomvunja mtu moyo. Wengi hudhani ugonjwa umeshinda. Sivyo. Kipimo hicho hakikupima saratani. Kimepima uboho, yaani ile sehemu laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa.

Tibakemikali hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, na za uboho ni miongoni mwake. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo hupungua polepole. Chembe sahani, zinazogandisha damu, huishi siku 7 hadi 10. Neutrofili, aina ya chembe nyeupe ambazo ni askari wa mbele dhidi ya bakteria, hukaa kwenye damu muda mfupi mno, ndiyo maana uboho ukizembea kidogo tu, huadimika upesi. Kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda. Mizunguko mingi hupangwa kila baada ya siku 21 ili kuupa uboho nafasi hiyo, lakini uboho wa mtu mmoja huchelewa kuliko wa mwingine.

Ukipewa karatasi ya majibu, usiishie kwenye jumla ya chembe nyeupe. Tuseme jumla ni 3.0 (yaani bilioni 3 kwa lita ya damu) na neutrofili ni asilimia 30: una neutrofili 0.9 tu. Tiba nyingi husubiri zifike angalau 1.0 au 1.5, na chembe sahani 100 hivi. Kiwango chako hutegemea dawa unazotumia, kwa hiyo muulize daktari wako.

Jambo ninaloomba lishikwe kuliko yote ni homa. Usaha, kwa sehemu kubwa, ni neutrofili zilizokufa vitani. Zikikosekana, mtu anaweza kuwa na maambukizi makali bila usaha, bila uvimbe, pengine bila hata kikohozi. Dalili pekee ikawa joto la mwili. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usimeze parasetamoli kwanza ili uone kama itashuka. Itashuka, na maambukizi yataendelea kimyakimya. Ukifika mapokezi, useme mapema: "Niko kwenye tibakemikali, nina homa." Antibiotiki ya mshipa inapaswa kuanza ndani ya saa moja.

Watu watakuletea vyakula na vinywaji vya "kuongeza damu". Kula vizuri kunakusaidia kuwa na nguvu, lakini hakuna chakula kinachopandisha neutrofili kwa wiki moja. Ipo sindano inayouchochea uboho, filgrastimu, ila si kila mtu anaihitaji. Dawa za mitishamba usizinywe bila kumwambia daktari, kwani baadhi huingiliana na tiba.

Je, saratani haitakua wakati unasubiri? Swali hilo ni la haki kabisa. Kwa wengi, kuchelewa wiki moja ni salama kuliko kumwaga dawa juu ya uboho uliochoka. Ikijirudia mara kwa mara, hapo timu yako huangalia upya: kipimo cha dawa kipunguzwe, au sindano iongezwe.

Ukirudi, linganisha karatasi mbili. Tazama pia mstari wa monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe. Mara nyingi hizo hutangulia kupanda, na neutrofili hufuata siku chache baadaye.