Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta Iliyofungiwa Kabatini Mombasa Huoza Upesi Kuliko Inayotumika Kila Siku?

Mtu wa Mombasa hununua kompyuta, huitumia miaka kadhaa, kisha akipata mpya ile ya kwanza huipangusa vumbi, huifunga nailoni na kuiweka juu ya kabati ili isichakae. Siku akiikumbuka na kuichomeka, haiwaki. Akiifungua hukuta madabodi, ule ubao mkuu wenye chipu zote, imeota rangi ya kijani kwenye miguu ya chipu, na soketi za RAM, yaani za vipande vya kumbukumbu, zimefifia. Wakati huohuo saiba ya mtaani ina mashine ya umri uleule, imejaa vumbi, huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na bado inachapa barua za watu. Iliyopumzishwa imekufa, inayotumikishwa i hai. Kwa nini?

Jibu linalotolewa haraka ni joto. Sisi wapenzi wa vyombo vya zamani tumelelewa na jibu hilo: kompyuta ikae baridi, ikizimwa inapumzika, ikifunikwa imesalimika. Lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kung'oka. Kapasita, vile vifaa vya ubaoni vinavyohifadhi chaji ya umeme, zile za mkebe mdogo wa alumini, zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka taratibu kwa joto. Wahandisi hukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Lakini soma maandishi ya ubavuni mwa kapasita yenyewe: nyuzi 85, au 105. Hicho ndicho kiwango ambacho mtengenezaji aliipimia umri wake. Juu ya kabati, Kisauni au Majengo, hata Februari upepo wa kaskazi ukiwa umelala, hewa ni nyuzi 32 au 33. Kwa kapasita hiyo ni kivuli.

Imani ya pili ni kwamba kisichotumika hakichakai. Hiyo ni kweli kwa kitu kinachosagika: feni, bawaba za laptopu, vitufe, diski ngumu yenye sahani zinazozunguka. Madabodi haina kinachosagika. Umeme ukipita kwenye njia zake za shaba kwa kiwango kilichokusudiwa, hauzili kwa namna ambayo mtumiaji wa nyumbani atakuja kuiona. Kuizima madabodi ili usiichoshe ni kuihurumia kwa jambo ambalo haliiumizi.

Kisha lipo jibu la tatu, la watu wa pwani wenyewe: chumvi. Upepo wa bahari hula vyuma. Tazama mabati ya Nyali, tazama nondo za madirisha ya Likoni. Jibu hili limekaribia kabisa, ila limeishia njiani, kwa sababu chumvi kavu haili kitu. Weka punje za chumvi juu ya kipande cha shaba ndani ya chupa isiyo na unyevu hata kidogo, na hutaona doa la kijani. Zaidi ya hapo, kompyuta ya saiba imemeza chumvi nyingi kuliko ya kabatini, kwa kuwa feni yake huvuta hewa ya nje kutwa nzima. Kama chumvi peke yake ndiyo muuaji, ile ya saiba ingetangulia kaburini.

Kinachokosekana katika majibu yote matatu ni maji, na maji hayo hayamwagwi na mtu. Chumvi huyavuta yenyewe kutoka hewani.

Kila jiko la pwani linalijua jambo hili. Kikopo cha chumvi kikiachwa wazi wakati wa masika, asubuhi hukutwa kimelowa, chumvi imegandana, na ndiyo sababu watu hutia punje za mchele ndani ili ipate kutoka. Hakuna aliyekimwagia maji. Kilichotokea ni kwamba chumvi hukaa kavu mpaka unyevu wa hewa ufike kiwango fulani; ukivuka hapo, punje huanza kunywa mvuke, kisha ikayeyuka ndani ya maji iliyoyanywa yenyewe. Kwa chumvi safi ya mezani kiwango hicho ni unyevu wa asilimia 75 hivi, yaani hewa imebeba asilimia 75 ya mvuke wote inaoweza kuubeba. Ni kizingiti cha kweli, hakiteremki polepole: kwenye asilimia 70 punje ni kavu, kwenye asilimia 80 ni tone. Chumvi ya bahari ambayo haijasafishwa ina pia magnesi kloridi, na hiyo huanza kunywa hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Ndiyo maana chumvi mbichi kutoka mabwawa ya Gongoni na Marereni hulowa upesi kuliko ya pakiti. Sasa ichukue chumvi hiyo mbichi, isage mpaka isionekane kwa macho, na uinyunyize juu ya madabodi. Kikopo cha jikoni kimehamia ndani ya kompyuta.

Anayeinyunyiza ni bahari. Mawimbi yakivunjika kwenye miamba ya Bamburi, mapovu hupasuka na kurusha matone madogo mno. Maji yake hupungua angani na chumvi husafiri na upepo. Sehemu kubwa huanguka katika mita mia chache za kwanza kutoka ufuoni, kwa hiyo nyumba inayotazama bahari na nyumba ya Mikindani hazipati mgao mmoja. Inayobaki huingia dirishani na kutua popote, hata ndani ya kifaa kilichofungwa skrubu zote, kwa sababu kifaa kina matundu ya hewa.

Usiku wa Mombasa unyevu hupita asilimia 80 bila taabu. Punje hulowa. Mchana, jua likiwaka, hushuka hadi asilimia sitini na kitu, na mtu angedhani chumvi nayo imekauka. Haijakauka. Katika habari hii yote, jambo hili ndilo linalonivutia kuliko mengine: mlango wa kulowa na mlango wa kukauka si mmoja. Punje hulowa kwenye asilimia 75, lakini ikishakuwa tone, hairudi kuwa punje mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 45. Kipimo hicho cha pili ni cha matone madogo yanayoelea hewani. Juu ya madabodi, penye vumbi na mikwaruzo, tone huweza kurudi kuwa punje mapema kidogo. Hata hivyo unyevu wa asilimia 45 ni mgeni wa nadra Mombasa. Chumvi iliyolowa Jumatatu usiku juu ya kabati inaweza kuwa bado imelowa Ijumaa, na ile sehemu yake ya magnesi haikauki kabisa.

Sasa mtazame yule mshukiwa wa kwanza, joto. Chukua hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85, ambayo ni hewa ya kawaida ya jioni ya masika. Ipashe moto mpaka nyuzi 37 bila kuongeza wala kupunguza tone la maji, na unyevu wake unashuka hadi asilimia 48 hivi. Ifikishe nyuzi 45, unakuwa asilimia 32. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo kiasi kilekile kinakuwa sehemu ndogo ya uwezo wake. Ndani ya kompyuta inayofanya kazi, nyuzi 40 juu ya madabodi ni jambo la kawaida. Mashine ya saiba hukausha chumvi yake kila asubuhi inapowashwa. Usiku italowa tena, lakini imepata saa kumi au kumi na mbili za ukavu ambazo ile ya kabatini haikuzipata hata mara moja.

Waliowahi kuwa na TV za kichogo walisikia ushahidi wa jambo hili kwa masikio yao. Asubuhi ya mvua, TV ikiwashwa, ilitoa mlio wa kuchirizika kwa nyuma. Volti zipatazo 25,000 za bomba la picha zilikuwa zinavuja juu ya vumbi lililolowa. Baada ya dakika chache mlio ulinyamaza, kwa kuwa TV ilishajipasha na kujikausha.

Tone la maji chumvi likishakaa juu ya madabodi, madhara hayasubiri umeme wa ukutani. Vituo vya dhahabu vya RAM na vya kadi, pale zinapogusana na soketi, ni ngozi nyembamba sana ya dhahabu juu ya nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba. Ngozi hiyo ina vitundu visivyoonekana. Metali tofauti zikilowa maji chumvi pamoja hutengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo shaba ndiyo inayoliwa wakati dhahabu inakaa salama. Ule ukijani ni shaba iliyoungana na kloridi na kupanda juu.

Umeme ukiwepo, hata mdogo, mambo huharakishwa. Metali huyeyuka upande wa chanya, huogelea ndani ya tone, na kujijenga upande wa hasi kama vijitawi vinavyoota kurudi vilikotoka, mpaka viguse na kuleta shoti. Kwa hili umri wa kifaa una maana kubwa, na mimi hapa natoa hukumu waziwazi: kompyuta za miaka ya themanini zilijengwa, pasipo kukusudia, kwa ajili ya Mombasa. Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, zina chipu ambazo miguu yake imeachana milimita 2.54. Laptopu ya leo ina chipu zenye miguu iliyoachana nusu milimita au chini yake, na karibu na plagi ya skrini hupita njia ya umeme wa taa ya skrini yenye volti nyingi kuliko sehemu nyingine za ubao. Kijitawi kilichohitaji kuvuka milimita mbili sasa kinahitaji kuvuka sehemu ndogo ya hiyo. Ndiyo maana Spectrum iliyokaa miaka juu ya kabati mara nyingi hufufuka kwa kusafishwa, wakati simu ya juzi iliyosahauliwa droo moja nayo haifufuki.

Kuna vifo vya kabatini ambavyo chumvi haihusiki navyo, na havifai kuchanganywa. Kompyuta ya Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 ilikuja na betri ya nikeli na kadmi iliyochomelewa kwenye ubao. Betri hiyo huvuja potasi haidroksidi, kemikali kali, na kula njia za shaba, iwe Mombasa au London. Na madabodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilikuwa na kapasita zenye majimaji mabovu, ambazo huvimba vichwa zenyewe. Ukiona kapasita imefura, usiilaumu bahari.

Nailoni je? Ukifunga mashine iliyokwisha kupata chumvi, jioni yenye unyevu, umeufungia unyevu humo pamoja na chumvi. Nailoni inafaa ikiwa mashine imekaushwa kwanza, imefungwa ikiwa bado ina joto, na ndani kuna silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, ya kutosha. Kile kipakiti kimoja cha ndani ya boksi la viatu hakitoshi boksi la kompyuta. Silika jeli inayobadilika rangi ni bora kwa sababu hukuonyesha imeshiba, na hukaushwa upya kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi. Katika kabati lisilozibika ni kazi bure, maana unajaribu kukausha Mombasa nzima. Ofisi yenye AC hukausha hewa vizuri, lakini laptopu iliyopoa hadi nyuzi 22 ikitolewa nje penye hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hupata umande papo hapo, kwa kuwa hewa hiyo huanza kudondosha maji kwenye nyuzi 26. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue.

Kwa mashine isiyozibwa, dawa iliyo rahisi ni kuiwasha. Saa mbili mara moja au mbili kwa wiki, zaidi wakati wa masika, humaliza tokeni chache na haifupishi umri wa kapasita kwa kiasi cha kuhofia. Iliyokaa muda mrefu usiiwashe kabla ya kuifungua na kuitazama, kwa sababu umeme juu ya ubao uliolowa ndio unaootesha vile vijitawi.

Ukikuta ukijani, usikimbilie alkoholi ya aisopropili kama wafanyavyo mafundi wengi. Alkoholi safi huondoa mafuta na masalia ya solda vizuri sana, lakini chumvi haiyeyuki ndani yake ipasavyo. Utausukuma uchafu kutoka kona hadi kona na ubao utang'aa huku chumvi ipo palepale. Toa betri zote kwanza, hata ile ya saa ya mviringo. Pale betri ya nikeli ilipovuja, pitisha siki kidogo ili kuua ukali wa potasi. Kisha osha ubao kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa ya kutilia betri za magari, hakikisha tu chupa haina asidi, na tumia mswaki laini. Alkoholi ifuate, kazi yake ikiwa kuyafukuza maji chini ya chipu. Vituo vya dhahabu vya RAM visisuguliwe kwa raba kila mara, kwa sababu raba hula ile ngozi ya dhahabu na kuongeza vitundu. Kitambaa chenye alkoholi baada ya maji kinatosha. Ubao ukae siku nzima mbele ya feni mahali pa joto, na betri ya saa irudi ya mwisho.