Mtahini wa IELTS hapimi pua yako

Jumamosi iliyopita, hapa Arusha, mwanafunzi mpya aliniuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, lafudhi ya Kizungu tutaanza kujifunza lini?" Ni muuguzi mzoefu anayeomba shahada ya uzamili nje ya nchi, mtu wa kumheshimu, lakini swali hilo nimelisikia hadi tabasamu la kulijibia limeniishia.

Sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vingi vya nje, huchukua dakika 11 hadi 14, na mtahini hutoa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Matamshi ni robo tu, na hata ndani ya robo hiyo swali kuhusu lafudhi ni moja: je, inamzuia msikilizaji kukuelewa? Anayeongelea puani kwa kumwiga mgeni aliyempandisha Kilimanjaro hapati alama ya ziada. Mara nyingi hujiharibia, kwa sababu akili yote imehamia puani na vitenzi vimebaki bila mwangalizi.

Kinachotugharimu hasa ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, nasi tunauhamishia utaratibu huo kwenye Kiingereza bila kujijua, hata neno "character" tunalikazia katikati ilhali mkazo wake uko mwanzoni. Irabu nazo kwetu ni tano tu, kwa hiyo "live" na "leave" hututoka mdomoni zikiwa pacha. Upo pia mtaji ambao hakuna anayeutaja: anayetamka "thamani" na "dhahabu" sawasawa (simzungumzii yule wa "zahabu") tayari anazo sauti mbili zinazowatoa jasho Wafaransa, na hakuzilipia ada.

Kusikiliza na kusoma sitakaa sana: maswali 40 kila upande, rekodi husikika mara moja, na ukikosea tahajia umekosa jibu. Kuandika ni saa moja kwa kazi mbili, na ya pili, insha ya maneno yasiyopungua 250 ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza yenye maneno yasiyopungua 150. Hapo ndipo huanguka waongoza watalii wangu, ambao Kiingereza huwatoka kama maji, kwa kuwa miaka yote wamekitumia kueleza tembo na hawajawahi kukitumia kujenga hoja kwenye karatasi.

Nakiri kwamba hata mimi matamshi hunisumbua kuyapima. Kwa muda mrefu maelezo ya bendi 7 (bendi ni ngazi ya alama, na ya juu kabisa ni 9) yamesema kwamba mtahiniwa awe na sifa zote za bendi 6 na baadhi ya zile za bendi 8. Baadhi ni ngapi? Nimewahi kusikiliza rekodi ya zoezi nikaipa 6, kisha wiki iliyofuata nikaisikiliza ileile nikaipa 7, na hakuna kilichobadilika isipokuwa masikio yangu. Kwa hiyo mwalimu akikuahidi bendi kamili ya matamshi, muulize ameipimaje.

Muuguzi wangu aliondoka na karatasi ya maneno 20, kila moja likiwa limepigiwa mstari silabi yenye mkazo, ayasome kwa sauti kila jioni. Aliipokea kwa adabu, ila usoni nilimwona bado anasubiri somo la pua.