Wazee wakistaafu, pengo la mishahara litaisha?

Ukikaa kijiweni pale Mbuyuni, Moshi, hukosi kuisikia: bibi zetu hawakuajiriwa, mama zetu walipata kidogo, mabinti wa leo wana digrii, basi pengo la mshahara kati ya wanaume na wanawake linajifia lenyewe.

Dhana: Vijana wa sasa wanalipwa sawa, mjadala umekwisha.

Ukweli: Wanaanza karibu sawa. Claudia Goldin wa Marekani, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba pengo hupanuka hasa mtoto wa kwanza akizaliwa. Kwa hiyo anayemweka binti wa miaka 25 kando ya mama wa miaka 45, kisha akatangaza kwamba kizazi kimebadilika, huenda amepima umri tu. Mngojee huyo binti naye alee.

Kazi inayolipa vizuri humtaka mtu muda wote. Kupandisha wageni Kilimanjaro ni siku sita, saba, na bakshishi inagawiwa mkishuka. Mwenye mtoto anayenyonya hapandi. Atabaki ofisini kupanga safari za wenzake. Hakuna aliyemkata mshahara. Amekaa tu mahali ambapo mshahara haupandi.

Dhana: Sheria inakataza ubaguzi, kwa hiyo pengo halipo.

Ukweli: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kweli. Lakini sheria hiyohiyo kwa kawaida inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba siku 3. Mwajiri anajua kuhesabu.

Dhana: Bibi zetu hawakuwa na kipato.

Ukweli: Walikuwa nacho, cha ndizi na cha sokoni. Fedha ya kahawa ndiyo iliyozoeleka kuwa ya baba.

Dhana: Muda utamaliza kila kitu.

Ukweli: Marekani mwaka 1963 mwanamke alipata kama senti 59 kwa kila dola ya mwanamume, leo zimezidi 80. Ila sehemu kubwa ya nafuu ya miaka ya karibuni imetokana na wazee wenye mapengo makubwa kustaafu, si wanawake walewale kuwafikia wenzao. Wakishaisha hao, nafuu hiyo nayo inakauka. Na huku kwetu, mama akirudi kazini, mtoto hupelekwa kwa bibi Kibosho au Marangu, na bibi halipwi na mtu.