Sekta ya kuwashia: baiti 512 na mambo ambayo hukuahidiwa

Kompyuta ya ukoo wa IBM PC inapowashwa, BIOS (programu ya kuanzishia iliyo ndani ya mashine yenyewe) huikagua mashine, hutafuta diski, kisha husoma sekta ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, na kuipakia kwenye kumbukumbu kuanzia anwani 0x7C00 (0x huashiria namba ya msingi wa 16). Haijali ndani mna nini, ila BIOS nyingi huangalia baiti mbili za mwisho: zikiwa 0x55 na 0xAA, prosesa inarukia pale na kuanza kutekeleza. Kuanzia hapo mashine ni yako. Hakuna mfumo endeshi wala maktaba yoyote.

Nawapenda sana wanaoanza asembli (lugha ya kuandika maagizo ya prosesa moja kwa moja) kwa njia hii, na jambo ninalowakazania ni moja: usitegemee kitu ambacho hukuahidiwa. Ulichoahidiwa ni kidogo. Msimbo wako uko 0x7C00, prosesa iko katika hali ya biti 16, na DL, mojawapo ya rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), ina namba ya diski uliyowashia. Basi. Rejista za DS, ES na SS, zinazoonyesha sehemu za kumbukumbu, na SP, inayoonyesha ilipo staki (rundo la data ya muda), zinaweza kuwa na chochote.

Programu kamili hii hapa:

```
bits 16
org 0x7C00

    jmp 0x0000:anza
anza:
    xor ax, ax
    mov ds, ax
    mov es, ax
    mov ss, ax
    mov sp, 0x7C00
    cld
    mov si, salamu
chapa:
    lodsb
    test al, al
    jz mwisho
    mov ah, 0x0E
    mov bx, 0x0007
    int 0x10
    jmp chapa
mwisho:
    hlt
    jmp mwisho

salamu: db "Hamjambo", 0

times 510-($-$$) db 0
dw 0xAA55
```

Mistari ya mwanzo ndiyo ambayo mafunzo mengi huiruka, nayo ndiyo muhimu kuliko yote. Katika hali ya biti 16, anwani hupatikana kwa kuzidisha segimenti mara 16 na kujumlisha ofseti. Kwa hiyo 0x0000:0x7C00 na 0x07C0:0x0000 ni mahali pamoja, na kuna BIOS zinazoingia kwa namna ya pili. Ule mruko wa kwanza unaiweka CS, rejista ya segimenti ya msimbo, kwenye sifuri bila ubishi, kisha tunazisafisha nyingine. Agizo la `lodsb` husoma kutoka DS:SI. Ukiiacha DS na thamani iliyobaki humo, SI itakuwa sahihi lakini utasoma mahali pengine kabisa. Kosa hili lina hila: kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta, mara nyingi DS huwa tayari sifuri, salamu inatoka vizuri, unafurahi. Ukihamia kompyuta ya kweli, skrini inajaa takataka au inabaki kimya.

Staki tumeiweka 0x7C00 kwa sababu hukua kwenda chini, mbali na msimbo wetu. Anwani yenyewe haikuokotwa tu. IBM PC ya mwaka 1981 ilipangiwa mfumo endeshi unaoweza kuishi ndani ya kilobaiti 32 za kumbukumbu, yaani hadi 0x8000. Toa baiti 512 za sekta na 512 nyingine za staki na data, unafika 0x7C00. Sekta iliwekwa mwishoni ili nafasi ya chini ibaki wazi kwa mfumo utakaopakiwa.

Uchapaji ni rahisi: katizo 0x10 (katizo ni wito unaoisimamisha prosesa kwa muda ili ifanye kazi nyingine, hapa kazi ya BIOS), AH ikiwa 0x0E, huandika herufi iliyo AL na kusogeza kishale cha skrini. `cld` inahakikisha SI inapanda, haishuki.

Tazama pia mwisho. Wengine huandika `hlt` peke yake wakidhani mashine imelala moja kwa moja. Saa ya kompyuta hupiga katizo takriban mara 18 kwa sekunde, na kila katizo huiamsha prosesa. Bila ule mruko wa kurudi, itaendelea na baiti inayofuata, yaani herufi H ya salamu. H ni 0x48, ambayo katika hali hii ni agizo halali: punguza moja kutoka AX. Prosesa haitofautishi maneno na maagizo. Kazi hiyo ni yako.

Alama ya mwisho tunaiandika 0xAA55 kwa sababu x86 huhifadhi baiti ndogo kwanza, hivyo kwenye diski inatangulia 0x55.

Ijenge kwa NASM, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine, na uijaribu hivi:

```
nasm -f bin anza.asm -o anza.img
qemu-system-i386 -drive format=raw,file=anza.img
```

Ukiiandika kwenye flashi, tumia isiyo na kitu, maana jedwali la sehemu za diski linaanzia baiti ya 446 ya sekta hiyohiyo nalo litafutika. Kompyuta nyingi mpya zenye UEFI pekee, yaani mrithi wa BIOS, hazitaiwasha kabisa. Tafuta ya zamani.

Programu yetu imekula baiti 46 tu, zilizobaki ni sifuri na alama. `xor ax, ax` ni baiti 2, `mov ax, 0` ni 3, na ukishaanza kuandika mchezo utaihesabu kila moja. Nafasi ikiisha, pakia sekta ya pili kwa katizo 0x13, AH ikiwa 0x02, AL ikiwa 1, CH na DH sifuri, CL ikiwa 2 kwani sekta huhesabiwa kuanzia 1, na ES:BX ikionyesha mahali pa kuiweka. DL iache kama BIOS ilivyokupa. Kisha kagua bendera ya keri (biti ya prosesa ambayo BIOS huiwasha kuashiria kosa) kabla ya kurukia ulichopakia: ikiwa imewaka, diski haikusomeka.