Jamani, ile nyeupe ya Mondrian imepakwa

Nimetumiwa tena ile picha ya mchoro wa Mondrian, mchoraji wa Uholanzi. Mistari myeusi, kipande chekundu kikubwa, kabuluu kadogo chini, na maneno yaleyale, eti hii hata mwanangu wa chekechea anaweza, ni rula na rangi tatu, kwingine kote jamaa ameacha karatasi nyeupe. Habari ya mtoto sibishani tena, nimechoka. Ila hilo la "ameacha nyeupe" silipitishi, maana kazi yangu ni kukarabati michoro na nyeupe hiyo ndo inayonipa shida kuliko rangi zote.

Hajaacha kitu. Kwanza ni kanvasi, si karatasi, halafu nyeupe yote ni rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Siku ukikutana na Mondrian wa miaka ya 1920 usisimame mbele, sogea ubavuni mpaka mwanga uulalie mchoro, utaona kisanduku hiki brashi imepita wima, cha jirani imepita kwa kulala, na nyeupe zenyewe hazifanani, moja ina ubluu kwa mbali, nyingine inaelekea kijivu, na mara nyingi imejazwa nene hadi kwenye ukingo wa mstari mweusi, kiasi kwamba mstari ambao wewe uliudhani umechorwa juu umekaa chini kama maji kwenye mfereji. Tena kuna michoro ya 1920 na 1921 ambayo mistari mingine inakoma kabla ya kufika mwisho wa kanvasi. Makusudi! Simu yako haikuonyeshi hata kimoja kati ya hivyo, halafu unakuja kunibishia.

Mistari nayo alikuwa anaipima kwa jicho, anaongeza upana kidogo, anapunguza, anasogeza, anafuta. Chukua mchoro wake uitwao Trafalgar Square, umeandikiwa 1939 hadi 1943. Aliuanza London, akahamia New York mwaka 1940, na kule akauchukua pamoja na mingine aliyotoka nayo Ulaya akaanza kuifanyia kazi upya, michoro ambayo mtu mwingine angeshaiuza. Mtu wa rula na rangi tatu anamaliza kabla ya chai ya saa nne.

De Stijl, lile kundi la sanaa alilokuwemo Mondrian, kwa kifupi: jarida la mchoraji Theo van Doesburg, Leiden, Uholanzi, 1917, Ulaya inapigana na Uholanzi imekaa pembeni, wachoraji na wasanifu wanaandikiana barua kuliko wanavyoonana. Mondrian wakati huo ana miaka 45 na ameshachora miti na vinu vya upepo vya kutosha, kwa hiyo na lile la "hakujua kuchora" tulizike hapo. Baadaye akajitoa. Wanasema ni kwa sababu Van Doesburg alileta mstari wa mshazari, na kuna ukweli humo, ila sidhani watu wazima wanavunja urafiki kwa mstari peke yake.

Halafu kile kiti chekundu na buluu cha Rietveld, mwenzao wa De Stijl, eti ni Mondrian wa kukalia. Jamani! Rietveld ni seremala wa Utrecht, mtoto wa seremala, na kiti alikitengeneza kama 1918 kikiwa mbao tupu, ule wekundu na ubluu umekuja kama 1923. Angalia maungio badala ya rangi: vijiti vinapishana na kila kimoja kinaendelea mbele kidogo kupita pale kilipokutana na mwenzake. Nyumba ya Schröder, aliyoichora Rietveld huyohuyo 1924, ni vilevile, watu wanaapa ni zege, kumbe kuta ni tofali na plasta. Na ghorofa ya juu isiyo na kuta za kudumu, ambayo mwenye nyumba, Truus Schröder, mwenyewe aliing'ang'ania, kwenye ramani ya kibali cha ujenzi iliandikwa dari, yaani nafasi ya chini ya paa tu, la sivyo isingepita.

Sasa kuna jambo vitabu vinalipita mbio. Nyeupe ya mafuta inageuka njano na umri, kuna michoro iliyopigwa vanishi ambayo haikuitaka, mingine ilisafishwa zamani kwa mkono mzito au kupakwa upya kabisa. Kwa hiyo ule ubluu niliousifia hapo juu, kuna siku naukodolea macho nashindwa kusema ni wa Mondrian au ni wa fundi mwenzangu aliyenitangulia.

Na mwaka 2022 kule Düsseldorf mtunzaji wa makumbusho alisema kazi ya Mondrian iitwayo New York City I, ya 1941, ile ya mikanda ya gundi ya rangi, huenda imetundikwa juu chini miaka yote hiyo, maana picha ya studio ya 1944 inaonyesha mistari iliyobanana ikiwa juu. Haina sahihi ya kutuamulia. Wakaiacha vilevile, kwa sababu gundi imezeeka na ukiigeuza uzito utavuta upande mwingine, mikanda inaweza kubanduka. Ningekuwa mimi nisingeigusa pia.